Siku Nafula Alipokimbia Nami Sikuwepo

Kiminini, Jumamosi alasiri

Mwanangu Naliaka,

Sina haja ya kukuuliza u hali gani. Asubuhi nimekuona ukimaliza viazi vitamu vitatu na kikombe kizima cha chai, kisha ukashika njia ya Bokoli kumuaga kukhu, nyanya yako, ukiimba kwa sauti mpaka jirani akatoka nje kuangalia ni nani anaolewa. Wewe uko sawa. Mimi ndiye nimekaa hapa mezani tangu saa nane, kalamu mkononi, nikitafuta mahali pa kuanzia.

Mambo ya blanketi, ya kufunga sanduku na ya kupiga simu ukifika, mama yako ameyamaliza. Amekuambia mara nne, na mara ya mwisho ulikuwa umejifungia bafuni. Siongezi hapo. Nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka mingi kuliko umri wako.

Sikuwepo.

Siku ile farasi wetu Nafula aliposhindana Nairobi, mbio ambazo nimekusimulia tangu ukiwa huna meno ya mbele, sikuwa nimesimama kwenye uzio. Sikuona vumbi. Ile kofia ya mzee iliyopeperushwa na upepo ikakanyagwa na farasi sita, niliitunga mwenyewe kwenye harusi moja hapa Kiminini, kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza vizuri.

Ukishamaliza kucheka, au kununa, endelea kusoma. Nataka uyasikie kutoka kwangu kabla hujafika huko Nairobi unakokwenda kujifunza kupanda farasi wa mbio, maana kuna mtu huko anayejua.

Nilipokuwa na umri kama wako nilipata kazi kwenye shamba moja upande wa Saboti, kwa mzee tuliyemwita Daktari kwa kuwa alikuwa ametibu wanyama maisha yake yote. Alifuga ng'ombe wa maziwa kama watu wengine, lakini moyo wake ulikuwa kwa farasi. Watunzaji tulikuwa wawili: mimi na Barasa, kijana wa Webuye mwenye miguu mirefu na maneno machache. Tulilala chumba kimoja, tukapika kwa sufuria moja, tukavaa koti moja la mvua kwa zamu.

Nafula alizaliwa mikononi mwangu. Ilikuwa mvua ya kukata barabara. Daktari alikuwa amekwama Kitale na Barasa alikuwa kwao. Mama mtu hakuwa na maziwa, kwa hivyo nilimlea yule mtoto kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mpira, usiku na mchana, mpaka nguo zangu zikanuka maziwa ya kuchacha. Kwenye makaratasi Daktari alimwandika jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyelifikisha mwisho. Sisi tulimwita Nafula, jina la wanaozaliwa mvuani, kwa sababu ya ile mvua. Wewe pia nilitaka uitwe hivyo, lakini mama yako akasema hatampa mtoto wake jina la farasi, na isitoshe ulizaliwa watu wakiwa shambani wanapalilia, ndiyo maana ukawa Naliaka.

Alikua mdogo wa umbo, rangi ya kahawia, mguu mmoja mweupe, na sikio moja lililolala kando kama mtu anayesikiliza umbea. Mara ya kwanza alipopelekwa Nairobi watu walimcheka. Mara ya pili hawakucheka. Akawa anashinda. Ikafika mahali watu wa soko la Kitale, ambao hawajawahi hata kumgusa farasi, wakawa wanaulizana Jumatatu asubuhi, "Nafula wetu amefanya nini jana?"

Muda huo wote sikuwahi kwenda. Lazima mtu abaki na farasi wengine, na Barasa alikuwa ameishi Nairobi, alijua njia na alijua Kiingereza kidogo. Nilikubali. Nilijua zamu yangu itafika.

Na ikafika. Kulikuwa na mbio moja iliyokuwa kubwa kuliko zote za mwaka ule. Daktari alikuja bandani siku tatu kabla, akasimama mlangoni, akasema, "Simiyu, safari hii lori lina nafasi. Mtaenda nyinyi wote wawili."

Badala ya kuruka kwa furaha, niliuliza, "Na nani atamshika kamba pale mbele ya watu?"

Unajua jambo hilo, umeliona kwenye picha. Kabla ya mbio mtunzaji huvaa koti safi akamzungusha farasi wake taratibu, watu wote wakiwatazama.

"Barasa," Daktari akasema. "Nafula akisikia kelele za pale hutetemeka, lakini kwa Barasa hutulia."

Nakumbuka nilichosema, neno kwa neno. Nilisema, "Basi Barasa angempa na chupa pia. Kama si mimi wa kumshika, mimi sina kazi Nairobi."

Barasa alikuwa ameegemea reki. Akaniambia kwa upole, "Simiyu, si unikubalie tu nimshike, wewe usimame mahali uone vizuri. Mwenye kushika kamba haoni kitu bana."

Nikamwambia asinifundishe kazi.

Daktari alinitazama kidogo, akasema, "Sawa," akaenda zake. Naliaka, nilitaka anibembeleze. Nilikuwa tayari hata na jibu la kukubali, nimelipanga vizuri kichwani, nitaanza kwa kuguna kisha niseme haya basi. Hakurudi. Lori liliondoka alfajiri, Barasa mbele na dereva, Nafula nyuma akitafuna nyasi zake. Hata hakunitazama. Angenitazama kwa nini? Kwake ilikuwa safari kama safari zile nyingine.

Hiyo ndiyo ya kwanza ninayotaka uibebe. Huko unakokwenda watakupa reki kabla ya kukupa tandiko. Utawazoesha farasi ambao watu wengine watawapanda siku ya watu wengi. Itakuuma, na mimi najua inauma wapi, ni hapa chini ya koo. Lakini wakikuambia kuna nafasi kwenye lori, panda lori.

Sikuweza kukaa kwenye lile shamba tupu. Daktari alikuwa ameniachia mtu wa kulisha farasi waliobaki, kumbe alitarajia nitabadilisha mawazo nipande lori, na mimi nikaitumia hiyo nafasi kwenda Bungoma kwa senge yangu, dada ya baba. Nilimwambia nimepewa likizo. Jumapili, baada ya kanisa, nilikuwa nazunguka mjini kama mtu aliyepoteza ufunguo, nikijua saa ya mbio inakaribia na senge hana redio. Nikamkumbuka fundi mmoja wa redio nyuma ya soko, aliyeishi hapo hapo kwenye duka lake.

Nilimkuta amefungua mgongo wa redio moja kubwa, nyaya nje, betri zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwenye redio alikuwa msichana aliyevaa gauni la kanisa, ameketi juu ya kreti, anasubiri kumpelekea baba yake. Nikamwomba fundi atafute mbio.

"Mbio za nini?" yule msichana akauliza.

"Za farasi."

"Ati farasi? Watu wazima wanakaa wanasikiliza farasi?"

"Mmoja wao nimemlea kwa chupa," nikasema.

Akanitazama toka viatuni mpaka kichwani. "Basi fundi, mpatie mwenyewe asikilize mtoto wake."

Huyo ni mama yako.

Mtangazaji alikuwa anasema kwa kasi, nikiwatafsiria mama yako na fundi nilichokielewa. Farasi wametoka. Halafu akasema Nafula ameteleza kwenye mlango wa kuanzia, amebaki. Amebaki sana. Wenzake wameshafika kwenye kona na yeye yuko peke yake nyuma kama aliyetumwa dukani. Nilishika kichwa. Fundi akasema, "Pole, ndugu." Kisha sauti ya mtangazaji ikaanza kupanda. Nafula amempita wa mwisho. Amewapita wawili. Kona ya mwisho, anaingia upande wa nje, na hapo hapo redio ikazima.

Kimya kabisa. Fundi akaanza kugusa nyaya moja moja, pole pole, kama daktari. Mimi nilikuwa nalia, sikufichi. Mama yako akainuka kwenye kreti, akaisukuma mikono ya fundi kando, akaipiga ile redio kofi. Ikafufuka. Lakini sauti ya mtangazaji haikusikika, ilikuwa kelele tu, kelele za watu maelfu, kama mvua kwenye mabati. Tulikaa tukisikiliza hizo kelele, sote watatu, hatujui ni za nani. Mpaka yule mtu akapata pumzi na kulitaja lile jina refu la Kizungu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nililitamka lote mpaka mwisho, nikiwa nimemkumbatia fundi wa redio.

Mama yako alicheka mpaka akashika tumbo. Siku ile ilikuwa furaha kubwa, na ilikuwa yangu kabisa, na ningeweza kuisimulia kama ilivyokuwa. Sijui kwa nini niliona haitoshi.

Niliporudi shambani, Jumatatu, ngoma ilikuwa inachezwa. Barasa alikuwa amebebwa juu juu na wakamuaji. Aliponiona alishuka, akaja mbio, "Simiyu! Ulisikia?"

"Nilisikia," nikasema, nikampita nikaenda kuchukua ndoo.

Mwezi uliofuata Nafula aliumia mguu wa mbele na hakukimbia tena. Alikaa nyasini, akazaa, akanenepa. Kwa hivyo mbio hizo zikawa za mwisho na zikawa kubwa zaidi kila mwaka, kama unavyojua. Hazina picha. Umezitafuta kwenye simu mpaka ukachoka. Mtu akisema alikuwepo, watu humsogezea kiti. Mimi niliacha kazi kwa Daktari, nikasema nataka kulima, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kumsikia Barasa akizisimulia. Sikuzungumza naye tena kwa miaka mingi.

Uongo ulianza harusini. Mzee mmoja alisema, "Huyu Simiyu si ndiye alikuwa mtunzaji wa yule farasi? Wewe ulikuwepo, sivyo?" Ulimi ukasema nilikuwepo. Mama yako alikuwa kando yangu na sahani ya pilau, wewe ukiwa tumboni. Aliacha kutafuna. Nilisimulia mpaka chakula kikapoa.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Simiyu, ulikuwa umesimama wapi hasa?"

"Kwenye uzio."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Aliketi kwenye ukingo wa barabara akacheka mpaka nikaogopa atajifungua pale pale. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniumbua mbele ya watu. Akasema, "Ulikuwa unafurahi sana." Miaka yote hii, nikianza ile hadithi, umeona anavyokumbuka ghafla kwamba kuku hawajapewa maji. Huenda nje kucheka.

Na wewe ulikuwa unaketi kwenye mguu wangu ukiuliza, "Baba, aliachwa umbali gani?" Mwaka wa kwanza nilisema kutoka hapa mpaka langoni. Ulipoanza shule nikasema mpaka kwa kisiagi, kule tunakosagia unga. Juzijuzi imefika kanisani. Ulipanda kila kitu kilichokuwa na miguu minne kwenye boma hili, pamoja na yule mbuzi dume, na ulipokuwa mkubwa ukaanza kwenda kila Jumamosi kusafisha banda la wale farasi wawili wazee wa binti ya Daktari ili akufundishe kupanda. Mimi nikafurahi. Sikuwahi kufikiri kwamba njia hiyo ina mwisho, na kwamba mwishoni mwake amesimama Barasa.

Sasa nisikilize hapa, maana hili ndilo ninaloomba unisamehe.

Ulipoleta ile fomu ya kukubaliwa, umeichapisha pale Kiminini, umeishika kwa mikono miwili kama keki, nilikuambia niachie niifikirie. Nilikaa nayo siku nane. Ulifikiri naogopa utaanguka na kuvunjika. Siku ya sita uliacha kula na mimi nikakuona. Mama yako akafikiri nimekataa kwa sababu wewe ni msichana, akaacha kuniongelesha. Haikuwa hivyo. Chini kabisa ya ile fomu palikuwa na jina la mtunzaji mkuu atakayekupokea. Nililisoma mara moja tu. Nilikuwa tayari kukuzuilia maisha yako ili mtu asikuambie kwamba baba yako hakuwa kwenye uzio. Nikiiandika hivi naona aibu hata mbele ya hii karatasi.

Siku ya nane nilikuwa shambani navunja mahindi, fomu mfukoni, simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Huyu ni Simiyu wa Nafula?"

Hakuna mtu aliyeniita hivyo tangu ujana. Nikasema ndiye.

"Kuna msichana hapa kwenye orodha, Naliaka Simiyu, wa Kiminini. Fomu yake haijarudi. Nikasema huyu lazima ni wa kwako, maana kwenye maombi yake ameandika ati baba yake alilea Nafula kwa chupa." Kisha akasema, "Ni mimi Barasa, bana."

Niliketi chini kati ya mahindi. Nikamwambia yote. Nilisema, Barasa, nimewaambia watu nilikuwepo. Nimemwambia mtoto nilikuwepo. Naona aibu kukuletea mtoto anayeamini hivyo.

"Simiyu," akasema, "nikuambie kitu sijawahi kuambia mtu?"

"Niambie."

"Hata mimi sikuona."

"Wewe si ulikuwa na kamba?"

"Nilimshika kamba nikamwachilia, ndiyo. Lakini alipoteleza pale mwanzo, nilifumba macho. Nilijua amevunjika. Nikaomba Mungu, macho yamefungwa, mikono imeziba masikio. Nilipofungua nilikuwa nimebebwa juu na watu, farasi wameshapita. Hayo mengine yote niliambiwa na muuza njugu."

Naliaka, tulicheka. Nilicheka nikalala chali kwenye majani ya mahindi, mama yako akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Watu wawili waliompenda yule farasi kuliko wote, na hakuna aliyemwona! Mmoja kwa majivuno, mwingine kwa woga. Barasa akaniuliza, "Na redio ilisema vizuri?" Nikamwambia ilizima kwenye kona ya mwisho. Akaanza kucheka upya, akasema nikate simu nisije nikamuua.

Kabla ya kukata akasema, "Saini hiyo fomu, mzee. Mimi nitamtazama mtoto wako, na safari hii macho yatakuwa wazi." Nilikusainia hapo hapo, karatasi juu ya goti, ndiyo sababu ilikuja na udongo.

Kwa hivyo sina zile mbio za kukupa. Lakini nilipokuwa natafuta cha kukupa badala yake, nimekumbuka jambo ambalo sijawahi kulisimulia, kwa sababu halikuwa na umati wala mtangazaji. Hili ni la kweli.

Nafula alikuwa na miaka miwili, hajawahi kushindana na mtu. Nilikuwa namtoa asubuhi, ukungu umeshuka kutoka Mlima Elgon, nikakosea kufunga lango. Akapita. Nilimkimbilia nikiita jina lake. Akanisubiri nikaribie, akanitazama na lile sikio lake limelala, kisha akaondoka. Kando ya shamba la alizeti palikuwa na njia ndefu nyekundu, na kwenye hiyo njia walikuwa wanapita wanawake na magunia ya mahindi kwenda kusaga. Walisimama. Mmoja alitua gunia lake chini ili aone vizuri. Nafula alipita mbele yao akiwa hafukuzwi na mtu, hakuna wa kumshinda, hakuna wa kumpiga kofi la mgongo. Alikuwa anakimbia kwa sababu miguu ilikuwa yake. Sikusikia kwato, nakuapia. Nilisikia pumzi tu. Alifika mwisho wa njia, akageuka, akarudi kwa kasi ile ile, akasimama mbele yangu akapanguza pua kwenye shati langu.

Yule mama wa gunia akasema, "Huyu hata Mungu mwenyewe amesimama kumtazama." Akabeba mzigo wake akaenda.

Niliona hayo, Naliaka. Hatua tano kutoka kwangu. Miaka yote nimejuta kwa mbio nilizokosa, na hizi nilizoziona nimeziacha zikae kama chombo kilichosahaulika juu ya kabati. Chukua hizi. Ukiwaambia watu huko, waambie bila kofia.

Najua utaanguka. Nilikuwa karibu kukuambia usiogope, lakini Barasa aliogopa na bado ni mtu mzuri. Ogopa tu. Ila jitahidi uache jicho moja wazi.

Na jambo la mwisho, ambalo hata mama yako alikuwa hajalifikiria mpaka nilipomwambia jana. Mimi sijawahi kuona mbio za farasi. Hata moja. Mtu mzima na mvi zake, aliyejulikana Kitale nzima kwa mbio, hajawahi kukanyaga pale. Siku utakayopangwa kupanda, hata kama ni farasi mbovu kuliko wote, hata kama utamaliza watu wameshaanza kwenda nyumbani, utupigie. Tutakuja sote wawili. Mama yako ameshaanza kuulizia watu wa huko huvaa nini.

Nasikia sauti zenu langoni, wewe na mama yako. Mnabishana. Inaonekana kukhu amekupa jogoo mzima uende naye Nairobi, na mama yako anasema hapandi basi huyo, na wewe unasema huwezi kumrudisha, kukhu atalia. Jogoo mwenyewe anapiga kelele kuwashinda wote wawili. Acha nitoke nje nikamshike kabla hajakuponyoka.

Mimi baba yako,
Simiyu